Moto Kifuani mwa Fransisko Ksaveri

Mtakatifu Fransisko Ksaveri alizaliwa Navarra mwaka 1506. Mwaka 1542, akielekea India, chombo chake kilitoka Msumbiji, kikapita usawa wa Pemba, kikatia nanga Malindi. Hapo alimzika msafiri mwenzake kwa taratibu za Kanisa, na Waislamu wa mji wakapendezwa na heshima ile. Alifariki mwaka 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, mlangoni mwa China. Akatangazwa mtakatifu mwaka 1622. Wachoraji wa karne hiyo, waliochapa picha kwa mabamba ya shaba, walimpa msalaba, ua la yungiyungi kuwa alama ya usafi wa moyo, na moto kifuani. Wazazi, tuwafundishe watoto wetu maana ya moto huo. Ni upendo, nao huko Malindi ulionekana katika maziko.