Mozart na hesabu ya tikiti

Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja niliyemfundisha zamani katika shule ya upili. Alikuwa amebeba gitaa begani na bahasha mkononi. Ndani ya bahasha mlikuwamo tikiti 39 za tamasha lililokwisha kupita. Mwandalizi wa tamasha hilo alimwahidi dakika 15 jukwaani kwa sharti kwamba anunue kwanza tikiti 50, kila moja shilingi 500, kisha aziuze mwenyewe apendavyo. Kijana alikopa shilingi 25,000, akauza tikiti 11 kwa ndugu na majirani, na usiku wa tamasha akaitwa jukwaani wakati watazamaji walipokuwa wakitafuta matatu za kurudia makwao. Alitaka nimwambie kama hiyo ndiyo njia waliyopitia wakubwa wote wa muziki.

Sikumjibu siku ile. Nilikwenda kutafakari maisha ya mtu ambaye jina lake halikosi kutajwa katika somo la muziki, naye ni Wolfgang Amadeus Mozart. Aghalabu sisi walimu humsimulia kama mtoto wa ajabu aliyewashangaza wafalme, kisha tukaruka hadi kwenye kaburi lake lisilo na alama. Baina ya ncha hizo mbili kuna mtu mzima aliyeandaa matamasha yake mwenyewe, akakodi kumbi na kuhesabu viti. Huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia leo.

Mozart alizaliwa Salzburg tarehe 27 Januari 1756. Baba yake, Leopold, alikuwa mwanamuziki katika jumba la Askofu Mkuu aliyeutawala mji huo. Mtoto alipotimu miaka sita, Leopold alianza kumzungusha Ulaya pamoja na dada yake. Walipofika London mwaka 1764, mfalme mwenyewe aliwasikiliza. Lakini mji huchoka haraka. Kufikia Julai 1765 watoto hao walikuwa wakionyeshwa kila siku katika nyumba ya vileo, na kiingilio kilikuwa shilingi mbili na nusu. Nadhani hapo ndipo Mozart alipoonjeshwa kwa mara ya kwanza tofauti iliyopo baina ya sifa na mapato.

Alipokua aliajiriwa na Askofu Mkuu kama mpiga kinanda, kwa mshahara wa gulden 450 kwa mwaka. Mwaka 1781 mwajiri wake alimwita Vienna, na huko akawekwa kula meza moja na watumishi na wapishi. Hilo lilimchoma, lakini lililomchoma zaidi lilihusu kazi yake. Jioni moja alizuiwa kwenda kupiga muziki katika nyumba ya kabaila ambamo Kaizari Joseph wa Pili alikuwapo, na waimbaji waliokwenda walilipwa kiasi kilichokaribia nusu ya mshahara wake wa mwaka mzima. Mozart akaomba kuacha kazi. Mwezi Juni mwaka huo mmoja wa wakuu wa jumba la Askofu alimtoa mlangoni kwa teke. Alikuwa na umri wa miaka 25, hana mwajiri, na alikuwa katika mji uliojaa wanamuziki.

Hapa ndipo kisa kinapotuhusu. Katika kiangazi cha mwaka 1782 alishirikiana na mwandalizi mmoja, Philipp Jakob Martin, kufanya matamasha katika bustani ya Augarten. Wengi wa wapigaji walikuwa watu waliopenda muziki tu, wasiodai ujira, kwa hiyo gharama ilikuwa ndogo. Kisha Mozart akaanza kujisimamia. Kwa Kwaresima ya mwaka 1784 alitangaza matamasha matatu katika jengo la Trattnerhof, ambamo ndimo alimokuwa akiishi. Alipitisha orodha miongoni mwa watu wa mji, na kila aliyetaka kuhudhuria aliandikisha jina lake kwa gulden sita. Majina yalifika 174. Fanya hesabu, ewe mwanafunzi: 174 mara sita ni 1,044. Kabla ya kutoa gharama, orodha hiyo moja ilizidi maradufu mshahara wake wa Salzburg.

Mwaka uliofuata aliandaa matamasha sita katika ukumbi wa Mehlgrube, la kwanza likiwa tarehe 11 Februari 1785. Leopold aliwasili kutoka Salzburg siku hiyohiyo na kumkuta mnakili bado anaandika kurasa za wapigaji, na mwanawe hajapata hata nafasi ya kuipitia sehemu ya mwisho ya utunzi wake mpya. Leopold alikuwa mtu wa hesabu, na twamshukuru kwa kutuachia takwimu. Waliojiandikisha walizidi 150, kila mmoja akitoa sarafu moja ya dhahabu kwa matamasha yote sita, ilhali ukumbi uligharimu nusu ya sarafu hiyo kwa jioni moja. Maana yake ni kwamba wasikilizaji watatu tu walitosha kulipia ukumbi kwa jioni zote sita. Mozart wakati huo alikuwa amepanga nyumba ya gulden 460 kwa mwaka, kodi iliyoshinda mshahara wake wa zamani.

Msomaji mpenzi, angalia mpango wa mambo ulivyokuwa. Orodha ilitangulia tamasha. Aliyebeba hatari ya hasara ndiye pia aliyeishika orodha, aliyejua kodi ya ukumbi, na aliyepokea faida. Kijana wangu alibebeshwa hatari bila kupewa chochote katika hivyo vingine. Hakujua ukumbi uligharimu kiasi gani, hakujua wasanii wangapi walikuwa wameuziwa tikiti kama yeye, na hakuwa na sehemu katika mapato ya mlangoni. Mwandalizi alikwisha kupata chake kabla ya taa kuwashwa. Kwa kuwa alikwisha kulipwa, alikuwa na haja gani ya kubandika matangazo mjini? Wateja wake hawakuwa watazamaji, bali wanamuziki wenyewe.

Sitaki kudai kwamba kujitegemea kulimwepusha Mozart na dhiki. Mwaka 1788 Austria iliingia vitani dhidi ya milki ya Waturuki, makabaila wengi wakaondoka Vienna, na waliobaki wakafunga mikoba. Katika kiangazi cha mwaka 1789 alipitisha tena orodha kama alivyozoea. Baada ya majuma mawili ilikuwa na jina moja tu, la rafiki yake Gottfried van Swieten. Mtu aliyewahi kuwa na majina 174! Ilikuwa aibu, na wakati huo alikuwa akimwandikia mfanyabiashara mmoja barua baada ya barua kuomba mikopo. Hata hivyo orodha ile, kwa ukali wake, ilimwambia ukweli mapema, na matamasha hayo hayakufanyika.

Mwaka 1790 aliacha utaratibu huo. Kaizari mpya alikuwa akitawazwa Frankfurt, na Mozart, ingawa hakualikwa rasmi, aliona kwamba umati wa wakuu ungemlipa vizuri. Aliweka rehani vyombo vyake vya fedha, akasafiri kwa gari lake mwenyewe, na tarehe 15 Oktoba akafanya tamasha katika ukumbi wa maigizo wa mji huo. Siku hiyo mwanamfalme mmoja alikuwa na karamu kubwa, na wanajeshi walikuwa na maonyesho yao. Heshima aliipata, fedha hakuziona. Alitumia kwanza, akatumaini baadaye, kama kijana wangu na tikiti zake 50.

Kuna upande wa pili ambao haki yanidai niutaje. Si kila mwandalizi ni mnyang'anyi. Ukumbi hulipiwa, vipaza sauti hukodiwa, walinzi hutaka ujira wao. Mozart mwenyewe, katika miezi yake ya mwisho, alimpata mwandalizi wa namna nyingine. Emanuel Schikaneder, msimamizi wa jumba la maigizo nje kidogo ya kuta za Vienna, aliandika maneno ya opera Die Zauberflöte na kupanda jukwaani kuigiza humo. Ilipofunguliwa tarehe 30 Septemba 1791, kama watu wasingalikuja, Schikaneder angaliumia pamoja na mtunzi wake. Watu walikuja kwa wingi. Mozart hakuishi kuyafaidi hayo. Alifariki tarehe 5 Desemba 1791, akiwa na miaka 35, akazikwa katika makaburi ya St. Marx kwa desturi ya mazishi ya kawaida ya wakati huo. Mjane wake, Constanze, aliyalipa madeni kwa kuandaa matamasha ya kazi za marehemu.

Kijana aliporudi nilimpa jibu langu. Nilimwambia kwamba wakubwa walihatarisha mali zao, naam, na baadhi yao walianguka. Lakini mwandalizi akimtaka atoe fedha kwanza, amwulize maswali matatu: ukumbi unagharimu kiasi gani, mapato ya mlangoni yatagawanywa vipi, na yeye mwandalizi atapoteza nini watu wasipokuja. Jibu la swali la tatu likiwa kwamba hatapoteza kitu, basi afunge gitaa lake aende zake.

Walimu wenzangu, tunawafundisha watoto noti na sauti, tunawapeleka kwenye mashindano, wanarudi na vikombe. Ni nani anayewafundisha kusoma mkataba? Hesabu ya Mozart yaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi. Kijana wangu angeifanya kabla ya kukopa, nami nilimfundisha miaka minne bila kumwonyesha. Zile tikiti 39 aliniachia mezani, na deni bado analilipa.