Isaac Newton, Mtoto Aliyezaliwa Njiti

Isaac Newton alizaliwa Uingereza, katika kijiji cha Woolsthorpe, tarehe 25 Desemba 1642 kwa kalenda ya wakati ule. Baba yake alikuwa mkulima na mfugaji. Aliacha kondoo zaidi ya 200, lakini hakujua kuandika hata jina lake. Alifariki miezi mitatu kabla mtoto hajazaliwa.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake. Newton mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba alikuwa mdogo wa kuenea katika chombo cha lita moja hivi. Shingo haikuweza kubeba kichwa, akazungushiwa mto mdogo. Wanawake wawili walitumwa kijiji cha jirani kumletea mahitaji. Njiani wakaketi. Waliona hakuna haja ya kuharakisha, kwani wangemkuta amekwisha kufa.

Wanakisomo, tusiwacheke wanawake hao. Wengi wetu tungeketi pia.

Walimkuta yu hai. Mama yake, Hannah, alikuwa mjane, na wakati huo ulikuwa wa baridi kali. Kumpa mtoto joto ndiyo kazi kubwa, maana njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Siku hizi mama humweka kifuani, ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa na kofia, soksi na nepi tu, kisha hufungwa pamoja kwa kanga. Asiyeweza kunyonya hukamuliwa maziwa ya mama, akanyweshwa kwa kikombe kidogo. Njia hii ilianzia hospitalini Bogotá, nchini Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mama wa Malambo anayepelekwa hospitali ya Wasso aweza kumbeba mtoto hivyo njia nzima.

Isaac alipotimiza miaka mitatu, mama yake aliolewa tena akahama. Bibi mzaa mama akamlea. Uchungu wa kuachwa ulimkaa moyoni miaka mingi.

Alipokuwa kijana mama alimtoa shuleni achunge. Wafugaji watacheka hapa: alizama katika vitabu, kondoo wakaingia mashamba ya watu, akatozwa faini. Mjomba wake na mwalimu wakamsihi mama amrudishe shuleni. Mwaka 1661 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1687 alitoa kitabu kilichoeleza kwamba nguvu inayoangusha tunda chini ndiyo inayoushika mwezi usitoke katika njia yake.

Alifariki mwaka 1727, akiwa na miaka 84.