Msiri, mtoto wa muuza shaba



Mu mkutano wa mwezi uliopita, kikundi chetu cha vikuku vya shaba kilileta ombi. Wamama na vijana wale, wengi wao wakiwa wamerudi kutoka kambi za Kala na Mwange kule Zambia, wanataka kufunga karatasi ndogo kwenye kila kikuku kinachouzwa, na jina juu yake. Kijana mmoja akatoa shauri: jina liwe Msiri. Nusu ya watu wakapiga makofi. Mama mmoja mzee akasimama, akasema jina lile halitaingia mu nyumba yake, juu wazee wake waliuzwa. Kelele ikawa mingi, mkutano ukafungwa bila jibu. Komite ikatuomba sisi wa kazi ya vijijini tuandike maisha ya muntu huyu, mazuri na mabaya, kusudi kila mmoja afike mkutanoni akijua anachosema. Haya njo tuliyoyakusanya.

Jamaa ya Kalasa

Msiri hakuzaliwa Katanga. Alizaliwa karibu mwaka 1830 kwa Basumbwa, ndugu za Wanyamwezi, upande wa magharibi wa Tabora, inchi ambayo leo ni Tanzania. Jina lake lilikuwa Ngelengwa, na tena aliitwa Mwenda. Baba yake, Kalasa, alikuwa mkubwa kwao, lakini zaidi alikuwa muchuuzi wa shaba. Kule kwao wanawake walijipamba kwa vikuku vya waya, mikononi na miguuni, na shaba nzuri ilitoka mbali, huku kwetu. Njo maana misafara ya Kalasa ilitembea miezi mingi, ikavuka Luapula, mto ule ule ambao wengi wetu tuliuvuka tukikimbia na tukirudi, mpaka kwa machifu wenye machimbo.

Kalasa alijua kama biashara ya mbali haisimami bila urafiki. Alifanya undugu na wakubwa wa huku, akaacha zawadi, akarudi tena. Mtoto wake alijifunza njia, bei na luga kwa kutembea nyuma ya baba. Karibu mwaka 1856 Ngelengwa alikuja na watu wake kwa niaba ya mzee, na safari ile hakurudi.

Kazi ya moto na waya

Kabla ya kuendelea, tuseme kidogo juu ya kazi yenyewe, kwani wafundi wetu wanauliza kila siku wazee walifanya namna gani bila chombo cha kununua.

Shaba, ao mukuba, ilichimbwa na Basanga na wengine wa hapa tangu zamani sana, mbele ya Bayeke kufika. Kazi ilifanyika kiangazi, wakati mashamba yamevunwa na maji ya mashimo yameshuka. Wanaume walichimba jiwe la kijani, malakiti. Wamama na watoto walilichagua na kuliosha mtoni. Wengine walichoma makala ya miti migumu. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo ule unavumilia moto. Wavuta mivukuto ya ngozi walipokezana saa nyingi, mpaka shaba ikatiririka chini. Halafu waliiyeyusha tena kuitoa uchafu, wakaimwaga mu umbo. Njo pale misalaba ya shaba ilitoka, ile iliyokuwa feza ya kulipia mali, mahari na deni. Kazi ilikuwa na miiko yake, na mufundi mukubwa aliheshimiwa sawa na mganga.

Bayeke, watu wa Msiri, walileta juu ya ile ufundi wa kuvuta waya. Kipande cha shaba kiligongwa kwa nyundo mpaka kikawa fimbo nyembamba. Kisha walichukua chuma chenye matundu, wakapitisha ncha ya fimbo mu tundu, wanaume wakaivuta. Tundu la pili lilikuwa dogo kuliko la kwanza, la tatu dogo zaidi, mpaka waya ikawa nyembamba sawa uzi. Uzi huo ulizungushwa juu ya nyuzi za mmea, ikawa kikuku chepesi kinachopinda bila kuvunjika. Mwanamke wa heshima aliweza kuvaa vingi kwenye kila mguu, na alipotembea watu walisikia. Wafundi wetu wa leo wananunua waya ya zamani ya umeme sokoni na kuisokota; wakubwa wale walianza kwenye jiwe.

Mgeni anakuwa mwenye inchi

Ngelengwa alipokelewa kama mgeni na machifu wa hapa, katikati yao Katanga na Mpande wa Basanga. Alikuwa na bunduki chache, na wakati ule bunduki chache zilitosha kugeuza vita. Waluba walipowashambulia wenyeji wake, aliwasaidia kuwafukuza. Heshima yake ikapanda, na watu wa kwao wakaendelea kuja. Mpande alipokuwa mzee, alama ya uchifu, gamba la konokono wa bahari lililovaliwa kifuani, ilihamia kwa Msiri. Bayeke wanasimulia kwamba mzee alimupa kwa mapenzi. Kuna Basanga wanaosimulia kwamba aliinyanganya. Sisi tunaandika yote mawili.

Hivi mtoto wa muchuuzi wa mapambo alipata pambo ambalo halinunuliwi. Alijenga mji wake mukubwa Bunkeya, kaskazini-magharibi ya Lubumbashi ya leo, na inchi yake ikaitwa Garenganze. Machifu waliokuwa chini yake walileta kodi: shaba, chumvi ya Mwashya, pembe za ndovu.

Njia mbili na bei yake

Akili ya Msiri ilikuwa hii: hakutegemea muuzaji mmoja. Upande wa mashariki njia zake zilifika kwa Waswahili na Waarabu, mpaka pwani ya Zanzibar. Upande wa magharibi zilifika Bihé na Benguela, Angola, kwa Wareno. Mu wake zake wengi alikuwepo Maria de Fonseca, mwanamke wa Angola mwenye damu ya Kireno. Ndoa ile ilishikamanisha biashara ya magharibi, na mama yule alikuwa na nguvu mu mji. Misafara ilileta vitambaa, shanga, baruti na bunduki.

Lakini mama yetu aliyesimama mkutanoni hakukosea. Misafara ile haikubeba shaba na pembe peke yake. Ilibeba watu. Vita vya Msiri vilileta mateka, na mateka walilipa baruti. Kijiji kilichochelewesha kodi kiliweza kupoteza watoto wake. Wazungu waliofika Bunkeya waliona vichwa vya watu juu ya miti ya boma. Muhubiri wa Scotland, Frederick Stanley Arnot, alifika mwaka 1886, akapokelewa vizuri na kukaa miaka miwili. Msiri alimutunza kama rafiki, na bado biashara ya watumwa iliendelea mbele ya macho yake.

Mwisho ukali ulimurudilia mwenyewe. Kuuawa kwa mwanamke mmoja wa Kisanga, Masengo, kuliwasha uasi wa Basanga. Walifunga njia, wakachoma vijiji, chakula kikapungua Bunkeya. Mzee wa Garenganze akabaki na mji wenye njaa.

Mtoto wa wachuuzi wengine

Wakati huo Leopold II wa Ubelgiji na Waingereza wa Cecil Rhodes walikuwa wakikimbilia shaba hii. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alikuja na karatasi ya Waingereza, Msiri alikataa. Mwaka 1891 Paul Le Marinel na Alexandre Delcommune walikuja kwa upande wa Leopold. Hakukubali bendera yao pia.

Tarehe 14 Desemba 1891 msafara wa tatu wa Leopold ulifika. Kiongozi wake, Kapiteni William Grant Stairs, alikuwa mutu wa Halifax, Canada, naye alizaliwa mu jamaa ya wachuuzi. Wabebaji na askari wake wengi walikuwa watu wa pwani, wenye kusema Kiswahili. Mazungumzo yalikuwa ya siku chache tu. Stairs alipandisha bendera bila ruhusa, na Msiri akaondoka usiku kwenda kijiji cha karibu. Tarehe 20 Desemba Kapiteni Omer Bodson, Mubelgiji, alitumwa na askari kumuleta. Walibishana, Bodson akamupiga Msiri risasi, naye Bodson akapigwa na mutu wa Msiri, akafa. Wazee wanasimulia kwamba kichwa cha mwami kilikatwa na kubebwa, na mpaka leo Bayeke wanakiulizia. Stairs mwenyewe hakufika kwao: alikufa kwa homa huko Chinde, kwenye pwani ya Msumbiji, mwezi wa sita mwaka 1892. Alikuwa hajafika miaka 30.

Waliobaki

Mtoto wa Msiri, Mukanda Bantu, alikubali bendera. Bayeke walihama Bunkeya, wakakaa karibu na posti ya leta kule Lofoi, wakapigana pamoja na leta juu ya Basanga. Baadaye walirudi Bunkeya. Kwa hiyo na wao ni jamaa ya watu waliorudi, jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Jamaa ile haikuzimika: Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga tangu 1960 na baadaye mwami wa Bayeke, alikuwa wa uzao wa Msiri. Kila 20 Desemba watu wanakusanyika Bunkeya kumukumbuka.

Kazi ya wafundi njo iliyozimika. Union Minière ilianzishwa 1906, mji wetu ukazaliwa 1910, na 1911 tanuru ya Lubumbashi ikatoa shaba ya kwanza. Machimbo ya zamani, sawa Kalukuluku ambayo kampuni iliita Étoile, yakawa mali yake. Mufundi aliyejua kutoa shaba kwenye jiwe akawa mutumishi wa kusukuma toroli. Mwaka 1926, Monseigneur de Hemptinne alipoandika juu ya walaji wa shaba wa Katanga, aliandika juu ya kazi iliyokuwa inasimuliwa na wazee. Misalaba ya shaba ilibaki picha. Mu 1960 iliwekwa mitatu kwenye bendera ya Katanga.

Basi, jina gani?

Ndugu wanachama, hatukuandika haya kumutakasa Msiri wala kumuchafua. Alifika mgeni, akapewa nafasi, na ufundi wa watu wake ulipamba inchi yote. Tena aliuza watu wa wale waliomupokea. Katikati yetu kuna Bayeke, Basanga, Baluba, Balamba, Babemba. Wengine wetu tuliporudi tulikuta mashamba yetu yanalimwa na wengine. Wengine wetu tunalima mashamba ya watu ambao bado hawajarudi. Kwa hiyo swali la mgeni na mwenyeji si la zamani.

Sisi tunatoa shauri moja, mtalikubali ao mtalikataa: karatasi ya kikuku isiwe na jina la mwami yeyote. Iandikwe jina la kwanza la mama ao kijana aliyekitengeneza, na jina la kijiji alikorudi. Wachimbaji, waosha mawe, wavuta mivukuto na wavuta waya wa Bunkeya hakuna aliyeandika majina yao. Yale ya kwetu tunaweza kuyaandika.

Kura itapigwa kwenye mkutano ujao. Tulimusomea mama yetu mzee maandiko haya nyumbani kwake mbele ya kuyachapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba jina la Masengo lisitolewe. Tumeliacha.