Mzee Kitereza hakusubiri mchapaji

Hapa Busisi vijana huniambia wameacha kuandika kwa kuwa hakuna wa kuwachapishia. Ndugu zangu, mnamjua Aniceti Kitereza wa Ukerewe, jirani yetu wa ziwa hili hili, aliyezaliwa 1896? Hakuwa Muislamu, lakini subira yake nakiri ni kubwa. Riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka aliimaliza 1945, kwa Kikerewe. Wachapaji wakaikataa, eti lugha ile wasomaji wake wachache. Basi akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, uzeeni, tena na maradhi. Kwangu hilo ni zito kuliko kuitunga. Tanzania Publishing House waliitoa 1980, miaka 35 baadaye! Mzee alifariki 1981, nakala zikiwa bado hazijamfikia.