Jacqueline du Pré: vidole vilivyokatiwa mawasiliano

Wadau, leo nawaletea habari za dada mmoja wa Kiingereza, Jacqueline du Pré. Alizaliwa Oxford mwaka 1945. Akiwa na miaka minne alisikia chelo redioni, ile fidla kubwa ambayo mpigaji anaibana kwa magoti, akamwambia mama yake anataka kitu chenye sauti ile. Akatafutiwa.

Mwaka 1965, ana miaka 20 tu, akarekodi muziki wa Elgar kule London, na hadi leo wapigaji wengine wanapimwa kwa rekodi ile. 1967 akaolewa Jerusalem na mpiga piano Daniel Barenboim. Jina likapaa.

Halafu ganzi ikaanza. Februari 1973 yuko New York, kufungua kasha la chelo tu ni shughuli, na jukwaani inabidi avitazame vidole vyake ajue viko wapi. Hebu fikiria! Na kabla ya hapo kuna waliodhani ni mawazo tu. Oktoba mwaka huohuo jibu likatoka: ana MS. Miaka 28.

Sasa MS ni kitu gani? Mishipa ya fahamu imevikwa utando wa mafuta, mayelini, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Chembe za kinga, ambazo kazi yake ni kupigana na vijidudu, zinaugeukia utando huo. Tena haziendi kimya kimya: zinatoa molekuli za kupashana habari, saitokini, kuita wenzao. Utando ukichunika, amri ya ubongo inachelewa njiani au haifiki kabisa kidoleni.

Ila sio saitokini zote zinachochea. Intaferoni iligunduliwa London mwaka 1957, Jackie akiwa bado mtoto. Aina ya gama ilipojaribiwa kwa wagonjwa 18 wa MS, 7 walipata shambulio jipya! Matokeo hayo yalitoka 1987. Ndugu yake, intaferoni beta, ndo ikaonekana inapunguza mashambulio, Marekani wakairuhusu 1993. Sisemi ingemponya, maana haiponyi.

Jackie aliendelea kufundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka mwili ukagoma. Alifariki London tarehe 19 Oktoba 1987, akiwa na miaka 42. Kwa miaka 14 hakuwa amepiga tena chelo jukwaani.