Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Mtunza Habari za Wazee

Ndugu zetu wakaao Geita na pande za Ziwa wajua vema njia ya kwenda Mwanza. Na mtu akiisha kufika Mwanza aweza kupanda meli na kuvuka hata Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe. Nasi wa Shinyanga, ingawa tu mbali na maji, si wageni kwa Wakerewe. Tangu zamani watu wa kwetu na watu wa kwao wamefanya biashara pamoja, na kuoana, na kupokeana nyumbani. Basi mwezi huu twapenda kusimulia maisha ya mtu mmoja wa kisiwa hicho, ndiye Aniceti Kitereza, aliyefariki mwaka wa 1981. Jina lake lajulikana na wataalamu wa Ulaya na Marekani. Lakini katika nyumba nyingi za Wakristo wetu halijatajwa hata mara moja. Nalo ni jambo la kusikitisha, maana kazi aliyoifanya yatuhusu sisi kuliko wao.

Kitereza alizaliwa mwaka wa 1896, siku zile Wajerumani walipokuwa wakianza kuitawala nchi. Alikuwa mtu wa ukoo wa Wasilanga, ndio ukoo wa Abakama, watawala wa Ukerewe, kama sisi tulivyokuwa na watemi wetu. Baba yake alikufa yeye angali mtoto mdogo, akachukuliwa kulelewa katika boma la Omukama Mukaka, aliyekuwa jamaa yake. Huko alikua katikati ya wazee. Kila jioni aliwasikia wakieleza asili ya koo, na safari za mababa, na hukumu za watawala waliopita, na methali, na mafumbo, na nyimbo. Wengi wetu tulilelewa vivyo hivyo, tukayasikia maneno kama hayo motoni; tofauti ni kwamba yeye hakuyasahau.

Mapadre Weupe walikuwa na misheni yao Kagunguli katika kisiwa hicho, na mtoto akatiwa shule kwao, akajifunza kusoma na kuandika, akabatizwa, akaitwa Aniceti. Mwaka wa 1909 akapelekwa ng'ambo ya Ziwa, katika seminari ya Rubya upande wa Bukoba. Akakaa huko miaka kumi. Alijifunza Kilatini na Kijerumani na lugha nyingine, na elimu ya dini. Waliomjua walimhesabu kuwa mwenye akili nyingi, na mtu angeweza kutazamia kwamba atatoka padre. Lakini mwaka wa 1919 aliiacha seminari, akarudi kwao, akamwoa Anna Katura.

Hapa twaingia katika jaribu kubwa la maisha yake. Katika watoto wao hakuna hata mmoja aliyeishi kuwa mtu mzima. Wasomaji wetu hawana haja ya kuelezwa neno hili ni zito namna gani katika nchi yetu. Mtu asiye na mtoto huonekana kama nyumba isiyo na moto. Ndugu huja kwa siri na kwa wazi, humwambia mume aoe mke wa pili. Na mke hunenwa vibaya kisimani na shambani, kana kwamba kaburi la mtoto ni kosa lake. Kitereza naye alikuwa mtu wa ukoo wa watawala, na desturi ya watu wake ilimruhusu kuoa tena. Hakukubali. Alikaa na Anna, mke wake mmoja, wakavumilia pamoja. Sisi wachungaji na walimu wa makanisa twahubiri neno hili mara nyingi. Yeye alilihubiri kwa maisha yake.

Kwa miaka mingi alifanya kazi ya biashara. Hata Vita Kuu ya Pili ilipotokea, akarudi Kagunguli, akafanya kazi misheni ya kufasiri vitabu na maandiko. Ndipo alipotambua kwamba wale wazee waliomsimulia habari utotoni walikuwa wamekufa mmoja mmoja, na vijana walikuwa hawaulizi tena. Lugha yenyewe ilikuwa ikipungua. Maneno ya mitego ya samaki, ya kujenga nyumba, ya kupika pombe ya ndizi, ya kuposa na ya kuzika, yalikuwa yakitoka vinywani mwa watu. Basi akashika kalamu.

Na tukumbuke hali ya nchi wakati ule. Huko Geita kampuni ya dhahabu ilikuwa ikichimba, na huku kwetu Mwadui almasi zilikuwa zimevumbuliwa mwaka wa 1940. Watu walikuwa wakiacha vijiji kwenda kutafuta mshahara. Wakati watu wakipasua mawe, mtu mmoja kisiwani alikuwa akiandika kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, mambo ambayo hakuna mtu aliyemwahidi hata senti moja kwa ajili yake. Mwaka wa 1945 kazi ilikwisha. Aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake.

Kitabu hicho chaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Habari zake ni za siku za kale, kabla Wazungu hawajaingia Ukerewe. Myombekere na mkewe Bugonoka wapendana, lakini hawana mtoto. Jamaa za mume wamtukana mke, na wazazi wa Bugonoka wakaona uchungu, wakamchukua binti yao kumrudisha nyumbani. Myombekere hakutafuta mwingine. Akaenda kwa wakweze kuomba, akatozwa faini ya pombe, akailipa kwa taabu nyingi, akampata mkewe. Kisha wakatafuta dawa, na baada ya kungoja sana wakapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Msomaji ajuaye maisha ya mwandishi hawezi kusoma sehemu hiyo asifikiri habari za Aniceti na Anna. Yale waliyoyakosa wao, aliwapa watu wa kitabuni mwake.

Lakini ndani ya hadithi hiyo Kitereza aliweka nchi nzima. Mtu akienda kwa wakweze, twaonyeshwa namna ya kubisha hodi, na nani aketi wapi, na chakula gani kinaletwa kwanza. Mtu akilima, twaonyeshwa jembe na majira. Mtu akiugua, twaonyeshwa mganga na majani yake. Watu wakiamkiana, twasikia salamu zote mpaka mwisho, bila kufupishwa. Wako wasomaji wanaochoka kwa urefu huo. Sisi twaona kwamba urefu huo ndio kazi yenyewe. Mwandishi alijua kwamba atakayesoma siku moja atakuwa mjukuu asiyekuwa na mtu wa kumwuliza.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya watunzi na waimbaji. Katika Usukuma Bagika na Bagalu waliposhindana kwa ngoma, mtunzi wa nyimbo ndiye aliyekuwa mwandishi wa habari za watu; aliwakumbusha matendo ya watemi, na njaa, na vita, na aibu za wakubwa. Wimbo ukisahauliwa, na habari zake hupotea. Kitereza aliichukua kazi ile ile ya mtunzi, akaitia katika karatasi. Mbali ya hadithi hiyo alikusanya pia historia ya Ukerewe na desturi zake; na Bwana Gerald Hartwig, mtaalamu wa historia kutoka Marekani, alipokuja kuuliza habari za Wakerewe, alimkuta Kitereza kuwa hazina.

Sasa na tueleze jinsi kitabu kilivyongoja. Padre Almas Simard, mtu wa Kanada, ndiye aliyemtia moyo, akajishughulisha kukifasiri kwa Kifaransa. Lakini alifariki kabla hakijapigwa chapa. Wenye kupiga chapa hawakutaka kitabu kikubwa namna ile kwa lugha ya watu wachache. Miaka ikapita. Serikali ya Waingereza ikaondoka, Uhuru ukaja mwaka wa 1961, utawala wa Abakama na watemi ukaondolewa, na karatasi zile zingali zimekaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Bwana Hartwig na mkewe Charlotte waliziona, wakafahamu thamani yake, wakasaidia. Shauri likawa kwamba kitabu kiandikwe kwa Kiswahili, lugha ya taifa zima. Kitereza alikuwa amepita umri wa miaka sabini, na mwili wake ulikuwa na maumivu. Walakini aliketi tena, akakifasiri mwenyewe chote, kuanzia mwanzo hata mwisho.

Mwaka wa 1980 Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa kitabu hicho katika sehemu mbili. Ilikuwa imepita miaka thelathini na mitano tangu kilipokwisha kuandikwa. Na mwaka wa 1981 mzee Aniceti akafariki, kabla vitabu havijamfikia. Hakukishika mkononi kitabu chake kilichopigwa chapa.

Baada ya kufa kwake kitabu kilikwenda mbali. Kilifasiriwa kwa Kijerumani na kwa Kifaransa. Na mwaka wa 2002 kilitoka kwa Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi mzaliwa wa Ukerewe, aliyekifasiri kutoka katika Kikerewe chenyewe. Hivyo mtu asiyekuwa na mwana wa kulichukua jina lake ana wasomaji katika nchi ambazo hakuziona. Na Tanzania nzima imepata faida, maana historia ya taifa letu haikuanza siku ya kuja kwa meli za wageni. Ilikuwako nyumbani mwa Myombekere, kwa watu waliolima, na kuamua mashauri, na kupendana, na kuwaheshimu wakwe.

Huenda msomaji akauliza, Je, yafaa Mkristo kuandika habari za waganga na matambiko? Nasi tuliwahi kuuliza hivyo. Tulipotoka chuoni tulikuwa na bidii nyingi na hekima kidogo, tukadhani kwamba yote yaliyokuwa ya wazee ni makapi. Katika usharika mmoja tuliotumikia palikuwa na mzee aliyejua nyimbo za kulimia na habari za kuhama kwa ukoo wake, kizazi kwa kizazi. Alituambia mara mbili tuje na daftari. Tulimwahidi kuja baada ya mavuno. Mvua zilipoanza tukaitwa kumzika. Tulisimama kaburini, tukasoma yaliyopasa kusomwa, na moyoni tulijua kwamba tumezika na maneno ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Tangu siku ile twamheshimu Kitereza kwa namna nyingine.

Yeye alikuwa Mkristo wa Kanisa Katoliki, wala hakuificha imani yake. Ilionekana katika ndoa yake. Lakini alifahamu kwamba kueleza jambo kwa kweli si sawa na kuliabudu. Mtu asiyejua wazee wake waliogopa nini na kutumaini nini, atawahubirije watoto wao? Nasi Walutheri twapaswa kulifahamu neno hili mapema. Martin Luther alipoifasiri Agano Jipya, lililotoka mwaka wa 1522, aliwasikiliza akina mama nyumbani na watu sokoni, apate kujua wasemavyo. Kwa kazi hiyo Wajerumani walipata Neno la Mungu, na tena wakapata lugha moja ya kuandikia. Lugha ya nyumbani si kitu kidogo. Mungu mwenyewe hakuona aibu kuitumia.

Basi twawaomba ninyi walimu wa makanisa, na wazee, na vijana wa shule, mfanye jambo moja. Chukueni daftari. Nendeni kwa bibi na babu walio hai bado, huko Shinyanga, na Kahama, na Geita, na vijijini mote. Andikeni methali pamoja na maana yake, na majina ya mababa, na wimbo wa kulimia, na namna watu walivyopatanishwa walipogombana. Andikeni kama mlivyosikia, bila kupamba. Na kama lugha ni Kisukuma au Kisumbwa au Kizinza, andikeni kwa lugha hiyo. Msingoje mavuno.

Na kama kuna nyumba katika usharika ambayo Bwana hajaipa mtoto, tuwakumbuke Aniceti na Anna, tuulinde ulimi wetu. Dhahabu iliyochimbwa Geita katika miaka ile ya vita imekwisha kwenda zake, wala hatujui ilipo. Kitabu cha mzee yule wa Kagunguli kingalipo.