William Beveridge

William Henry Beveridge (Rangpur, leo nchini Bangladesh, 5 Machi 1879 – Oxford, 16 Machi 1963) alikuwa mwanauchumi na mwanasiasa wa Uingereza anayekumbukwa pia kwa kazi yake kuhusu bima ya ukosefu wa ajira.

Alisimamia ofisi za ajira za serikali zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1909, akashiriki kuandaa Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911. Mafao yalianza kulipwa Januari 1913: shilingi 7 kwa wiki, kwa wiki zisizozidi 15 katika mwaka. Wiki ya kwanza haikulipwa, hata kwa asiye na akiba. Aliyekataliwa dai lake aliweza kukata rufaa mbele ya baraza lenye mwenyekiti, mwakilishi wa waajiri na mwakilishi wa wafanyakazi.

Ripoti yake ya mwaka 1942 ilipendekeza bima moja kwa raia wote.

Nchini Tanzania fao la kukosa ajira liliwekwa kisheria mwaka 2018. Mfanyakazi mchangiaji, awe Singida au mkoa mwingine, hulidai kupitia mfuko wake wa hifadhi ya jamii.